Jicho Lisilo na Taa

3 Machi

Kaka,

Shikamoo. Najua utauliza mbona barua haikuanza na "natumaini u mzima." Sitaki kutumaini, nataka kujua! Jumamosi tumekuona kwenye televisheni. Tulikuwa tumebanana kwa jirani, mimi, mama na nusu ya mtaa, yule nyota wenu wa mpira wa kikapu, Shingo, akatolewa apumzike, akaja moja kwa moja mpaka ulipokaa mwisho wa benchi, akakutupia taulo usoni. Usoni, kaka! Taulo la jasho!

Kuna mtu akasema, "Yule si mtoto wenu, yule anayefua jezi za timu?" Nikamjibu, ndiye, na taulo ni la kufuliwa, ulitaka alipeleke wapi, posta? Watu wakacheka. Mama hakucheka. Amerudi nyumbani, akafua mapazia ambayo hayakuwa machafu.

Sasa sikiliza habari yangu. Fundi amenipa ukuta! Ule wa ubavuni mwa karakana yetu ya mabango, unaotazama barabara. Kaniambia, "Umeshachora mabango ya kutosha ya 'Hapa Tunanoa Visu.' Chora kitu kitakachosimamisha watu, wajue hapa kuna wachoraji." Nikamwambia bila hata kupumua: nitamchora Shingo. Fundi akashika kichwa. "Nusu ya wateja wangu wanamchukia yule mtu kama jino bovu." Nikasema sawa, na nusu nyingine wanampenda, watakuja kugombana hapahapa, na mtu akigombana lazima asimame. Kanitazama, kacheka, kanipa ngazi.

Kwa hiyo niambie. Wewe unamwona kila siku. Yukoje akiwa karibu?

Asiyenyamaza,
Chiriku (jina ulinipa mwenyewe, usilikane)


12 Machi

Chiriku,

Marahaba. Mwambie mama taulo haliumi.

Umeuliza yukoje. Akiamka vizuri hasalimii mtu. Akiamka vibaya anatukana. Juzi kamwambia kijana mgeni wa timu, mbele ya wote, kwamba mikono yake ingefaa kushikia kuku na si mpira. Kijana alikwenda kulia chooni. Mimi ndiye niliyempelekea taulo safi, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu: jezi, soksi, chupa za maji, na machozi ya watu.

Mwaka jana alimvunja mtu pua kwa kiwiko. Mliona. Ambacho hamkuona ni kwamba hakwenda kumtazama hospitali.

Chora tembo. Chora ua. Ukuta ni mkubwa, usiutie nuksi.

Na mimi nina swali langu. Unampenda yeye, au unapenda tu kubishana?

Kaka yako


20 Machi

Kaka,

Swali lako limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nimepanda ngazi nalo, nimeshuka nalo.

Haya, nakujibu. Unakumbuka fainali? Anatupa, anakosa. Anatupa, anakosa. Uwanja mzima unamzomea, na wenzake wote wamejificha nyuma ya walinzi ili wasipewe mpira, niliwaona kabisa, kama watoto wanaomkwepa mwalimu. Yeye je? Anapiga makofi: nipe! Amekosa tena, bado anapiga makofi: nipe! Mimi nikikosea herufi moja kwenye bango la kinyozi natamani ardhi inimeze. Nilipotolewa shule niliomba mara moja tu kurudishwa. Mjomba akasema hapana, nikasema ahsante mjomba, nikaenda kuosha vyombo. Kusoma vizuri nimejifunzia kwenye makopo ya rangi na magazeti ya kufungia, unajua. Siku ile ya fainali nikajiuliza, mbona sikupiga makofi mara ya pili?

Ndiyo hivyo tu. Sijasema ana adabu. Nasema hajikunyati.

Lakini kaka, sasa nimekwama. Umesikia habari ya yule kocha mzee? Umesikia, ulikuwepo! Kocha aliyemfundisha tangu mdogo, ameletwa uwanjani kwa heshima, anatembea kwa bakora, ananyoosha mkono, na Shingo anapita kama amepita nguzo ya umeme. Wamerudia kwenye televisheni mpaka mama kaizima. Kasema, "Mtu asiyempa mkono aliyemlea, huyo hata kwa mama yake hapiti." Asubuhi nimekuta tope kwenye mchoro wangu, na bado ni chaki tu! Mzee Saa, yule fundi wa saa wa duka la pili, kaniuliza, "Haya wakili, leo unasemaje?"

Sikuwa na jibu. Mimi! Nipe jibu, kaka. Nipe hata la uongo.

Chiriku


2 Aprili

Chiriku,

Barua hii isome peke yako. Ukimaliza ichane, usiiweke chini ya godoro kama ulivyozoea.

Nimefikiria sana kama nikwambie. Nakwambia ili ujue namna ya kumtuliza mama, maana sipendi anavyofua mapazia. Lakini mama usimwambie.

Kocha mzee alisimama upande wa kushoto. Shingo hakumwona. Jicho lake la kushoto halioni. Liliingiliwa na kidole cha mtu mazoezini, msimu uliopita, akasema ni kukwaruzwa tu, akaendelea kucheza. Likawa na ukungu, kisha giza. Anayejua ni yeye na mimi. Daktari wa timu anapima magoti na moyo. Siku ya kupima macho Shingo alisoma herufi zote za ukutani bila kukosea, kwa sababu usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimekaa naye nikimsomesha kama mtoto wa chekechea.

Sasa fikiria yote unayoyajua. Kwa nini hatoi pasi kushoto. Kwa nini anageuza shingo nzima, mpaka watu wakampa jina. Kwa nini ananitaka nikae upande ule ule wa benchi, mkasema amejiwekea mtumishi. Mimi ndiye jicho lake, Chiriku. Mlinzi akimjia kushoto napiga kelele "maji!" Watu wanadhani nagawa chupa. Siku ya taulo nilichelewa kupiga kelele, akagongwa.

Chama cha mchezo hakiruhusu mtu wa jicho moja. Wakijua, yeye kwisha, na mimi niliyemsaidia kudanganya daktari naondoka na sanduku langu. Chumba hiki ninacholala ni cha timu. Dawa za mama zinatoka huku.

Na jambo la pili. Usimfanye malaika. Jicho halitukani watu. Jicho lililokufa ni moja, mdomo uko mzima. Yule wa kuku alitukanwa akiwa amesimama kulia.

Niapie kwamba hutasema.

Kaka yako


9 Aprili

Kaka,

Naapa. Naapa kwa mama, naapa kwa mikono yangu hii miwili inayonilisha. Mdomo wangu umefungwa, umepigwa misumari na kupakwa rangi juu.

Nimelia. Halafu nimecheka, "maji!" Halafu nimelia tena. Kaka, wewe? Wewe uliyekuwa ukinichapa nikidanganya kwamba nimepiga mswaki?

Sasa nawasikiliza hapa karakanani wakisema "ana kiburi, ona anavyotazama watu kwa upande," na ulimi unaniwasha kama nimelamba pilipili. Leo Mzee Saa kaniambia, "Chiriku, mbona hubishani? Unaumwa?" Nikasema nina kazi. Kweli ninayo. Nimefuta uso wote niliokuwa nimeuchora, naanza upya. Ule wa kwanza ulikuwa wa mtu wa kwenye gazeti. Sasa namjua.

Barua nimeichana, nikaitia kwenye kopo la rangi nyeusi. Hata Mungu haisomi.

Chiriku uliyemziba mdomo


25 Aprili

Kaka, kaka, kaka!

Umeisha! Ukuta umeisha! Ni mrefu kuliko duka! Shingo amenyanyua mikono anaomba mpira, jasho linang'aa, mishipa ya shingo imesimama, na uso, kaka, uso! Watu wanasimama. Fundi kapata kazi za mabango mpaka anakataa nyingine. Hata wanaomchukia wanasimama. Mmoja kasema, "Simpendi, lakini huyu ananitazama." Mama kaja na kanga yake ya kutokea, katazama sana, kasema, "Mbona ana huzuni?" Nikasema ni kivuli cha jengo, mama.

Mzee Saa ndiye mjanja. Ameweka ile lenzi yake jichoni, ile ya kutazamia vyuma vya saa, akasogea karibu. "Chiriku, umesahau kitu. Jicho la kulia umelitia taa. La kushoto halina."

Taa ndivyo tunavyoita sisi wachoraji. Ni nukta nyeupe unayoiweka mwisho kabisa juu ya mboni, ndiyo inayofanya jicho liwe hai. Ukiiacha, jicho linakuwa shimo. Nilishika brashi nikaipeleka mpaka pale, kaka, na mkono ukagoma. Ningemtia taa ambayo hana? Ningemdanganya kwenye ukuta wangu mwenyewe?

Nikamwambia Mzee Saa, "Sijasahau." Basi. Neno moja tu! Akanitazama, akaondoka. Sijasema kitu, uone nilivyokomaa.

Na kilele: mpiga picha wa gazeti amepita, kaona umati, kapiga! Nitatoka gazetini! Ukiniona usilie.

Chiriku, mchoraji


4 Mei

Gazeti limebandikwa kwenye ukuta wa chumba cha kubadilishia nguo. Chini ya picha wameandika: "Kwa nini jicho moja halina nuru? Mchoraji anasema hakusahau."

Ulimwambia nani? Nijibu upesi.


10 Mei

Kaka,

Sikumwambia mtu. Naapa tena, ingawa sijui kiapo changu sasa kina uzito gani. Mpiga picha alizungumza na Mzee Saa, Mzee Saa akamweleza habari ya taa, kama hadithi tu, ya kujisifia jinsi lenzi yake inavyoona. Hana ubaya. Ubaya ni wangu.

Nilidhani siri inakaa mdomoni. Nikafunga mdomo, nikajiona nimemaliza kazi. Nimekaa miaka yote hii nawaambia watu kwamba ukuta unasema kuliko redio, nimekula kwa hilo, halafu siku yenyewe nikasahau. Mtu mwingine yeyote angelitia ile taa bila kufikiri. Ni mimi tu, shabiki wake namba moja, niliyeweza kumfanyia hivi.

Nimekwenda usiku nikaiweka. Nukta nyeupe, ndogo. Asubuhi watu wakaanza kuulizana kwa nini imewekwa. Nikaifuta. Wakaulizana kwa nini imefutwa. Kaka, kila nikigusa nazidisha!

Amesemaje? Wewe wamekufanya nini?

Chiriku


20 Mei

Kaka,

Hujajibu. Nimepiga simu ya klabu kutoka dukani, mtu akasema utaitwa, nikasikiliza viatu vya watu vikipita mpaka simu ikakatika.

Mechi ya Jumamosi nimeisikiliza redioni. Mtangazaji alikuwa anasema, "Ajabu leo, wapinzani wanampitia upande mmoja tu, kushoto, kushoto, kushoto tena." Nikajua kwamba kocha wao anasoma magazeti. Nilikuwa natega sikio nisikie sauti yako nyuma ya kelele. "Maji." Nadhani niliisikia. Nadhani uliipiga mpaka ikakatika. Halafu mtangazaji akasema ameanguka, ameamka, anaomba mpira. Ameanguka tena. Anaomba mpira. Karakana nzima wanapiga kelele wamefurahi, na mimi nimeshika kopo la rangi kifuani kama mtoto.

Halafu akasema daktari ameingia na tochi, anamulika macho.

Fundi akazima redio. Sijui kwa nini. Nadhani aliniona.

Nijibu hata tusi.

Chiriku


1 Juni

Chiriku,

Niko hai. Bado nina chumba, bado nina kazi. Nitakueleza ilivyokuwa, mara moja tu.

Walituita ofisini: yeye, daktari, kocha, viongozi wa klabu, na mimi, kwa sababu daktari alikuwa amekumbuka kwamba siku zote mimi hukaa kushoto. Kocha akauliza moja kwa moja, "Huyu wa jezi alijua?" Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nilikuwa nimeshajiandaa kusema ndiyo, Chiriku, hilo niamini.

Shingo akanitangulia. Akacheka kile kicheko chake. Akasema, "Huyu? Huyu hajui hata kiatu changu kipi cha kulia. Ningempa siri huyu, si ningempa mbuzi?" Akasema yule kocha mzee angestahili kujua, si mfua soksi. Akasema alikariri herufi peke yake, akakaa na jicho lake peke yake, na kama kuna mjinga pale ndani ni daktari. Alitukana watu wote zamu kwa zamu. Mimi alinitukana zaidi, mpaka kiongozi mmoja akanionea huruma, akasema nitoke nje nikapumzike.

Nilipita kwenye ujia kwa hasira. Nilifika mpaka penye mashine za kufulia ndipo nilipoelewa alichonifanyia. Hata sasa sijui kama alikuwa ananiokoa tu, au alikuwa pia anasema anachofikiri. Kwake yeye nadhani ni kitu kimoja.

Jioni alikuja kuchukua viatu vyake. Hakunishukuru, na mimi sikumshukuru. Akauliza, "Aliyechora ni nani?" Nikasema ukweli, ni dada yangu. Nilidhani atanipiga. Akasema, "Mwambie amekosea pua." Akaondoka, akagonga bega kwenye mlango, upande wa kushoto.

Amefungiwa kabisa. Klabu imenyang'anywa ushindi wa msimu mzima, na yeye kawaambia waandishi kwamba alidanganya peke yake na hamwombi mtu radhi. Utasikia watakavyomla.

Sasa nisikilize. Najua utataka kumtetea. Najua una maneno mazuri kuliko mtu yeyote hapo mtaani. Lakini kila ukweli wa kumtetea unapita kwangu. Ukisema kwa nini hakumpa mkono kocha, watauliza umejuaje. Ukisema aliniokoa, hajaniokoa tena. Alilipa kwa jina lake, Chiriku. Usilirudishe.

Sikukasirikii. Au nakukasirikia, lakini si kuliko nilivyo na hamu ya kuwaona.

Kaka yako


14 Juni

Kaka,

Shikamoo. Barua imefika. Nimeisoma nikaitia kwenye kopo jeusi.

Mama mzima. Dawa amepata. Anaulizia mbona siku hizi siimbi nikioga.

Watu wameuchoka ukuta. Si kuuchoka, wameuchukia. Ushindi wa msimu umefutwa na kila mtu anahisi ameibiwa yeye binafsi mfukoni. Wamemwita mwizi, kipofu, tapeli. Hata wale waliokuwa wakimpenda. Hao ndio wabaya zaidi, maana wanataka kuonyesha hawakuwahi kumpenda. Mtu kabandika karatasi kwenye jicho la kushoto, kachora nzi. Mzee Saa kaibandua, peke yake. Nadhani naye hapati usingizi.

Jana Fundi kaniletea ndoo ya chokaa. Hakunitazama usoni. "Wewe ndiye uliyechora, siwezi kumpa mtu mwingine." Nikasema sawa. Umati ukajaa, kama ule wa siku ya kwanza, tena wengine ni walewale. Wakanipigia kelele kwenye ngazi. "Wakili! Leo hutetei? Sema basi! Mbona alikuwa shujaa wako?" Walikuwa wanasubiri, kaka. Walitaka kabisa nibishane, kama zamani. Na mimi nilikuwa na majibu yote. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa na kila jibu la kila swali, na yote yalikuwa ya kweli.

Nikachovya brashi.

Nilianza na mikono ile inayoomba mpira. Kisha shingo. Pua nimeitazama kabla sijaifuta. Ni kweli, niliikosea, niliifanya nzuri mno. Macho niliyaacha mwisho. La kushoto lilikula chokaa sana, lile shimo jeusi, nikipaka linarudi, nikipaka linarudi. La kulia lilikuwa rahisi. Na ile nukta, ile taa, haikuhitaji hata kuguswa. Ilikuwa nyeupe tayari. Nilipopaka pembeni yake ikapotea yenyewe ndani ya ukuta, na sasa hata mimi siwezi kukuonyesha ilipokuwa.

Niliposhuka, Mzee Saa alikuwa chini ameshika ngazi. Akaniuliza polepole, wengine wasisikie, kama mtu anayenipa nafasi ya mwisho: "Kumbe hata wewe, Chiriku? Hata wewe hukuwa unampenda kweli?"

Watu wakasogea wasikie.

Nikasema, "Hata mimi."

Dada yako